Mpira wa Buluu Ulipotikisika

Pasi ya meza ya snuka, ule mchezo wa kutumbukiza mipira mashimoni kwa fimbo, haifanani na pasi ya nguo. Ni nzito kama tofali la chuma, haina mvuke, na anayeishika lazima atembee nayo kwa mwendo mmoja, kutoka upande wa kuanzia mpaka upande wa mpira mweusi, bila kusimama. Akisimama hata kwa pumzi moja, kitambaa kinapata alama, na mpira utakaopita hapo utapinda. Nerys alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita bila kusimama katikati hata siku moja.

Mchana ule alisimama.

Alimwona Iestyn kwenye pazia la kuingilia wachezaji, kasha la fimbo mkononi, nywele zimelowa mvua ya mji wa Newport, tai yake ya kipepeo imekaa upande. Iestyn alimtazama tu, kama mtu anayetazama nyumba alimozaliwa kabla haijauzwa. Nerys akahisi joto la pasi likimpanda mkononi, akaiinua haraka.

"Unaunguza kitambaa au unaota?" baba yake, Mzee Emlyn, aliuliza kutoka upande wa pili wa meza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha refa na brashi magotini, bega lake la kulia limeinama. Bega lile lilikuwa limegoma miaka miwili sasa, na tangu ligome, pasi ilikuwa ya binti yake peke yake.

"Mkono umechoka, Baba."

"Mkono," alisema Mzee Emlyn, akageuka kutazama pazia. Iestyn alikuwa ameshaondoka.

Hayo yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu. Wachezaji sitini na wanne wa juu katika orodha ndio wanaobaki kuwa wachezaji wa kulipwa, wengine wanarudi kucheza na majirani zao kwenye vilabu. Iestyn alikuwa wa sitini na tano. Akimshinda Mskoti mmoja aitwaye Lachlan Baird saa saba mchana, angepanda nafasi moja na kubaki. Akishindwa, kulikuwa na mwenye shule ya snuka ya Chengdu, huko China, aliyekuwa akimsubiri London asubuhi ya kesho na mkataba wa miaka mitatu wa kufundisha. Safari ingekuwa wiki ijayo. Iestyn alimweleza Nerys yote hayo wiki iliyopita, ndani ya gari, bila kumtazama, na Nerys akajibu kwamba China ni mbali, basi. Tangu siku ile alikuwa akilala vibaya na kuamka vibaya zaidi.

Walikuwa wamependana miezi minane na hakuna aliyejua. Fundi wa meza hapendani na mchezaji. Watu wangesema tu kwamba meza inatengenezwa kwa ajili ya mmoja, na jina la Mzee Emlyn, alilolijenga kwa miaka ishirini, lingekwisha kwa wiki moja. Lakini hata bila watu, kulikuwa na Mzee mwenyewe. Alishalisema mezani tangu Nerys ana miaka kumi na saba, kisu kikiwa kwenye siagi: hutaolewa na mchezaji. Hakuwahi kulieleza, wala hakuhitaji kulirudia. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mchezaji, na mama yake Nerys sasa aliishi Swansea na dereva wa basi anayerudi nyumbani saa kumi na mbili kila siku ya Mungu.

Nerys alimaliza kupiga pasi, akachukua mpira mweupe na kuusukuma polepole kwa kidole kuelekea upande wa mpira mweusi. Ulikwenda vizuri mpaka hatua ya mwisho, kisha ukavutwa kushoto, kidogo sana, upana wa ukucha. Akausukuma tena. Ukavutwa tena. Alimwambia baba yake, naye akaja na pimamaji, akainama, akaguna, akasema ni kidogo mno, muda wa kuinua mawe yaliyo chini ya kitambaa haupo, na wachezaji wote wawili wataikuta ilivyo.

Ilikuwa kweli. Lakini Nerys aliacha brashi palepale, akatoka. Upana wa ukucha unaweza kumpeleka mtu China.

Alimkuta Iestyn kwenye ujia, karibu na birika kubwa la chai, anapaka chaki fimbo ambayo tayari ilikuwa na chaki. Akatazama huku na huku.

"Iestyn, ile meza..."

Iestyn aliinua kiganja. "Usiniambie."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Umeanza na meza. Inatosha."

"Ni kitu kidogo tu."

"Neri," alisema taratibu, na jina lile alilomkatia yeye peke yake lilimfanya asogee hatua moja, "nikishinda leo nataka nishinde mwenyewe. Kesho mtu akiniuliza kama fundi alininong'oneza, macho nitayaweka wapi?"

"Na ukishindwa, mimi nitayaweka wapi yangu?"

Iestyn alishusha fimbo, akajaribu kutabasamu. "Niambie kingine. Tai yangu imekaa sawa?"

"Imepinda."

Mkono wake ulishaanza kuinuka kuinyoosha, ndipo zikasikika hatua za Mzee Emlyn kwenye ngazi, moja nzito, moja nyepesi. Nerys akaugeuza mkono ule kuwa wa kuchukua kikombe. Iestyn akaingia uwanjani na tai yake ikiwa vilevile.

Mechi ilikuwa ya fremu saba, yaani raundi saba, wa kwanza kufika nne. Nerys alisimama nyuma ya pazia la pembeni, mahali mafundi wanaposimama, na kwa saa tatu hakukaa. Alikunja aproni, akaikunjua. Alikunywa chai iliyopoa bila kujua ni ya nani. Iestyn alichukua mbili za kwanza, Mskoti akachukua tatu mfululizo, akicheza kama mtu anayekata mkate, na Iestyn amekaa kwenye kiti chake na glasi ya maji, anatazama viatu. Fremu ya sita aliirudisha kwa jasho. Tatu kwa tatu.

Mzee Emlyn alikuja akasimama nyuma ya binti yake. Alisema kijana yule ana mkono mzuri ila ana haraka ya kusimama wima. Nerys alijibu kwamba labda. Mzee akamwuliza mbona anatetemeka. Akasema ni baridi. Ukumbi ulikuwa na joto la kuotesha nyanya.

Katika fremu ya saba Iestyn alikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Mezani kulibaki nyekundu moja na mipira yote ya rangi, na zamu ilikuwa yake. Kila mtu ukumbini aliweza kuhesabu: atumbukize nyekundu, achukue nyeusi, kisha amalize rangi zilizobaki, na orodha itamfungulia mlango. Nyekundu ile ilikuwa karibu na shimo la pembeni, lakini mweupe ulikuwa umekaa vibaya, ng'ambo ya mpira wa buluu. Iestyn alilazimika kuinama juu ya meza mguu mmoja hewani, mkono umepita juu ya buluu.

Nerys alisogea mpaka ukingo wa pazia.

Kitambaa cha meza ile alikijua kama anavyojua kiganja chake. Alijua kila mpira unavyotulia juu yake. Kwa hiyo aliona. Fimbo iliposonga mbele, kifungo cha mkono wa shati la Iestyn kiligusa mpira wa buluu, na mpira ule ukatikisika, ukaenda upana wa unywele, ukarudi mahali pake. Refa alikuwa upande wa pili, macho yake kwenye ncha ya fimbo. Lachlan Baird alikuwa anafuta uso kwa taulo. Nyekundu ilitumbukia, watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyeona.

Nyamaza, Nerys alisema moyoni. Aliomba kwa nguvu zake zote, kama hajawahi kuomba kitu. Nyamaza, Iestyn. Nyamaza unipende.

Iestyn alisimama wima. Alitazama mpira wa buluu, kisha akatazama pazia, moja kwa moja mahali alipokuwa, kana kwamba pazia halipo. Halafu akainua mkono kwa refa.

"Nimegusa buluu," alisema. "Faulo."

Makofi yalikufa, kisha yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza. Lachlan Baird aliinuka, akagonga fimbo yake sakafuni mara mbili kwa heshima. Heshima haikumzuia kufanya kazi yake. Alipewa pointi tano, akatumbukiza njano, akatumbukiza kijani, akatumbukiza kahawia, na Iestyn, ambaye mipira iliyobaki isingemtosha tena, akatoka kitini akampa mkono. Mzee Emlyn alikuwa ameshika pazia kwa mkono wake mbovu na hakuonekana kuhisi maumivu. Aliliachia, akaondoka kwenda kuwasha pasi.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa chumba cha wachezaji kabla chai haijapoa. Nne kwa tatu. Chini yake orodha mpya, na mstari uliochorwa chini ya namba sitini na nne. Jina la Iestyn lilikuwa chini ya mstari.

Alimkuta anafunga kasha lake kwenye chumba cha kubadilishia. Safari hii hakutazama huku wala huku.

"Hakuna aliyeona," alisema Nerys.

"Wewe uliona."

"Mimi si refa."

"Ndiyo. Wewe ni zaidi ya refa."

"Usinichezee maneno." Sauti yake ilianza kukatika, akaikaza. "Ulikuwa na kila kitu mkononi. Mimi pia nilikuwa mkononi. Umeutazama mpira wa buluu, ukanitazama mimi, ukachagua mpira."

Iestyn alikaa juu ya benchi. Alikuwa bado na chaki kwenye vidole. Alimwuliza, bila hasira, kama yeye angekaa kimya. Nerys angeweza kudanganya, na huenda ingekuwa rahisi kwa wote wawili. Lakini hakuwa na desturi hiyo.

"Ningekaa kimya," alisema. "Niliomba ukae kimya. Nimesimama pale nimeomba."

Iestyn aliinua macho. Nerys alitafuta chuki machoni mwake, hakuiona, na kutoiona kulimwuma zaidi.

"Basi tungeamka kila siku na kitu kile katikati yetu," Iestyn alisema. "Ungenipa chai, mimi najua, wewe unajua. Leo uongo mdogo, mwakani mkubwa. Nisingeweza, Neri. Si kwa sababu mimi ni mwema. Nisingeweza kunywa ile chai."

"Na sasa utainywea wapi? Chengdu?"

"Treni ya London ni saa kumi na moja na dakika kumi." Alifunga kasha. "Sikuombi uje. Una baba mwenye bega moja na kazi uliyoijenga. Sina haki ya kukuomba chochote, mimi mtu niliye chini ya mstari."

Hapo ndipo Nerys alipotaka aombwe. Hata nusu ya neno lingetosha. Lakini Iestyn alisubiri yeye aseme, na yeye akasubiri kuombwa, na wote wawili walikuwa watu wa kunyamaza. Mwishoni alisema jambo ambalo hakulitaka.

"Nenda basi. Nina meza ya kupiga pasi."

Saa kumi na nusu alikuwa uwanjani peke yake na baba yake. Mechi ya jioni ilikuwa saa moja. Alipiga brashi, akachukua pasi, akaanza. Mstari wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili aliharakisha, Mzee akakohoa. Kwenye wa tatu macho yalijaa maji hata kijani kikawa ziwa, lakini miguu iliendelea kutembea kwa sababu ilishazoea.

"Miezi mingapi?" Mzee Emlyn aliuliza.

Nerys hakujifanya hajui. "Minane."

"Nilidhani sita. Mwezi wa tisa ulianza kuimba jikoni, nikasema ni redio." Alikuna kidevu. "Na leo amekwambia nini?"

Alimweleza, akitembea na pasi, bila kugeuza shingo. Alimweleza na ya kwake pia, kwamba aliomba anyamaze. Alitegemea kukemewa. Mzee hakukemea. Alishuka kwenye kiti cha refa akaja akasimama kando ya meza, mkono kwenye ukingo.

"Mwaka wa Blackpool," alisema, "ulikuwa na miaka sita. Robo fainali. Niligusa nyekundu kwa kizibao nikanyamaza. Nilishinda. Nilirudi nyumbani na kikombe kidogo, mama yako akakiweka juu ya friji, akakifuta vumbi miaka mitatu. Siku aliyoondoka ndipo aliponiambia. Alikuwa kwenye viti siku ya mechi, mstari wa pili. Aliona."

Nerys alifika mwisho wa meza na pasi. Akaiinua. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia baba yake akisema maneno mengi hivyo.

"Kwa hiyo niliposema usiolewe na mchezaji," Mzee aliendelea, akikwangua doa la chaki ukingoni ambalo halikuwepo, "nilikuwa nadhani wote ni mimi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na tano. Stesheni ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kwa mtu anayetembea. Nerys alitazama saa, akatazama meza. Nusu ilikuwa inang'aa, nusu ilikuwa bado mbichi.

"Kitambaa hakiachwi nusu, Baba."

"Nani amesema kinaachwa? Lete."

"Bega lako."

"Ni langu. Lete pasi, binti, inapoa."

Alimpa. Mzee Emlyn aliishika kwa mikono miwili, uso ukajikunja, akaiweka kwenye kitambaa na kuanza kutembea. Alitembea polepole kuliko alivyowahi kumfundisha mtu yeyote kutembea, lakini hakusimama. Akiwa katikati ya meza, bila kugeuka, alisema kwamba Jumapili kuna mguu wa kondoo, na mguu ule ni mkubwa kwa watu wawili. Na tena, aliongeza, kijana yule kwa sasa si mchezaji. Ubao umesema.

Nerys hakukumbuka koti. Alipita mlango wa nyuma, akakata katikati ya magari, akavuka daraja mvua ikimchapa usoni, aproni ikimpiga magotini. Kwenye stesheni bibi mmoja mwenye mbwa alimpisha njia bila kuombwa. Treni ilikuwa imeshasimama, milango wazi, na Iestyn amesimama nje ya mlango wa behewa la mwisho. Hakuwa amepanda. Alikuwa anatazama ngazi za kushukia abiria kama mtu aliyejikataza kuzitazama.

Alipomwona, kasha la fimbo liliteleza mkononi, akalidaka.

Nerys alikuwa na mambo mengi ya kusema, na kutoka kwenye daraja alikuwa amejifunza hotuba nzima. Ilimpotea. Alisimama mbele yake akihema.

"Ile meza inavuta kushoto," alisema.

Iestyn alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nzima. "Najua. Niliijua fremu ya kwanza."

"Sasa sikiliza. Usitie saini ya miaka mitatu. Mwambie mwaka mmoja kwanza. Na umwulize meza zake zinapigwa pasi na nani."

Kicheko kilikatika. Alimshika kiwiko, polepole, kama mtu anayeshika kitu ambacho bado hajaambiwa ni chake. "Na Mzee?"

"Mzee ameshika pasi."

Iestyn alikaza mkono kwenye kiwiko kile. Miaka miwili sasa kila mchezaji wa kulipwa alijua bega la Mzee Emlyn. Hakuhitaji kuelezwa zaidi, na macho yake yalilowa mahali ambapo mvua haikufika.

"Jumapili uje kula," Nerys alisema. "Kuna mguu wa kondoo. Uje na njaa, na usimsifu sana, hapendi. Ukitoka London unakuja moja kwa moja. Hapo ndipo utaniomba. Mbele yake. Nataka kuombwa, Iestyn, unasikia? Nimechoka kukisia."

"Nasikia."

Mlinzi wa treni alipuliza filimbi. Iestyn alipanda, akageuka mlangoni. Chini ya koti, tai yake ya kipepeo ilikuwa bado imekaa upande, kama ilivyokuwa saa saba mchana, kama ilivyokaa mbele ya watu wote alipoinua mkono na kusema amegusa.

"Ngoja," Nerys alisema.

Akanyoosha mikono yake miwili, yenye manyoya ya kijani ya kitambaa mpaka kwenye viwiko, na mbele ya stesheni nzima, bila haraka, akainyoosha ile tai.